Mlima umejaa majina ya wapita njia, waliochimba njia hawamo

Kila ifikapo Desemba simu yangu hujaa picha za namna moja. Mtu amejifunga koti zito, midomo imebabuka kwa baridi, mkononi ameshika bendera ya Taifa, na nyuma yake kimesimama kibao cha kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Maneno ya chini ya picha hayatofautiani sana: nimeweza, Mungu ni mkubwa, asanteni wote mlioniombea. Siku hizi hata waongozaji hushukuriwa, na wapishi pia, jambo ambalo zamani halikuwapo. Ila sijaona bado mtu aliyeishukuru njia.

Ule mstari wa udongo na mawe unaoanzia lango la Marangu au Machame hadi kwenye barafu haukuota kama uyoga. Kuna aliyefyeka. Kuna aliyeng'oa visiki, akapanga mawe, akachimba mtaro wa kuyatoa maji pembeni, na kuna anayetakiwa kuirudia kazi hiyo kila masika yakipita. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mjenzi wa njia za mlimani ni fundi sawa na mjenzi wa daraja, na nchi inayokula kupitia njia zake ina deni la kumpa ajira inayoeleweka na kuliandika jina lake. Methali tunayoipenda kwenye hotuba inasema penye nia pana njia. Sawa, lakini nia haijawahi kushika sururu.

Majina ya nani?

Chukua njia ya Marangu, kongwe kuliko zote zinazotumiwa na wapanda mlima leo. Ukitoka kibanda cha Kibo usiku wa manane, mahali pa kupumzikia katikati ya ule mteremko wa kokoto panaitwa pango la Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni Oktoba 6, 1889 akiwa na Ludwig Purtscheller wa Austria. Ukiufikia ukingo wa kreta uko Gillman's Point, iliyopewa jina la Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyefika hapo mwaka 1921. Aliyepitia Machame atatokea Stella Point, jina la Stella Latham, aliyefika ukingoni na mumewe mwaka 1925. Ndani kuna kreta ya Reusch, mmisionari wa Kilutheri aliyeupanda mlima huu mara nyingi.

Sina ugomvi na hao waliopanda. Kufika kule bila vifaa vya leo kulitaka moyo. Lakini hebu tuulize: Meyer alikula nini kule juu? Mwenyewe aliandika kuhusu Muini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki naye kwenye kambi ya juu, akipika na kulinda hema huku wazungu wawili wakihangaika na barafu siku baada ya siku. Kabla yake, mwaka 1848, Johannes Rebmann aliyeiambia Ulaya kwamba kuna theluji karibu na ikweta aliongozwa kutoka pwani na Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za misafara. Ni wasomaji wangapi wa gazeti hili waliwahi kuyasikia majina hayo mawili shuleni? Ya Rebmann na Meyer tuliyakariri sote.

Vibanda navyo vina habari yake. Wajerumani walijenga viwili vya kwanza miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Cha chini wakakiita Bismarck, cha juu wakakiita Peters. Huyu Peters ni Carl Peters yule yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, aliyewanyonga mtumishi wake na msichana wa Kiafrika katika kituo chake hapo hapo Kilimanjaro, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Hebu fikiria kijana wa Marangu aliyepanda na mzigo kichwani kwenda kulala kwenye nyumba yenye jina hilo. Baada ya Uhuru majina yalibadilishwa, leo ni Mandara na Horombo, watawala wa Wachagga wa karne ya 19. Lilikuwa jambo jema. Ila angalia tena: tulimtoa mtawala wa kigeni tukamweka mtawala wa kwetu. Aliyebeba mbao za kibanda bado hayumo.

Aliyeletwa kwa kukwepa barabara

Njia hizi hazikuanza na wageni. Kabla ya mtu yeyote kupanda Kilimanjaro kwa ajili ya kusema amepanda, msitu ule ulikuwa umechanwa na njia za wawindaji, za warina asali, za wanawake waliofuata majani ya ng'ombe na kuni, na zile zilizounganisha umangi mmoja na mwingine kuuzunguka mlima. Mgeni alipofika hakuchora njia kwenye karatasi tupu. Aliomba aonyeshwe iliyopo, kisha akaanzia pale ilipoishia.

Kuna simulizi kuhusu Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayetajwa kuwa ndiye aliyemwongoza Meyer, ambayo naiona ina mafundisho kuliko habari yote ya kilele. Inasemwa kwamba siku Meyer alipofika kwa mtawala wa Marangu, Mangi Marealle, kuomba ruhusa na mtu wa kumwongoza, kijana Lauwo alikuwa pale kwa sababu nyingine kabisa. Aliletwa kujibu shitaka la kukwepa kazi ya kutengeneza barabara. Washauri wa Mangi walipomwona wakakumbuka kwamba ukoo wake unaujua msitu, na mshitakiwa akageuka mwongozaji. Wapo wanahistoria wanaobishana kama kweli alikuwa kwenye safari ile ya 1889 au safari nyingine. Waendelee kubishana. Kinachonigusa ni kwamba mtu mashuhuri kuliko wote katika historia ya njia za Kilimanjaro anaingia kwenye simulizi akiwa amekimbia kuchimba njia!

Na waliomfuata walikuwa na sababu zaidi ya kukimbia. Miaka iliyofuata, chini ya utawala wa Wajerumani, barabara nyingi zilichimbwa kwa kazi ya lazima, watu wakidaiwa kupitia kwa watawala wao wenyewe, na kodi ya kichwa au ya nyumba ikimsukuma kila mwanamume kutafuta senti popote ilipo. Mabaki ya mtazamo huo hayajaisha vichwani mwetu. Kuchimba njia bado tunakuona kama adhabu ama kibarua cha aliyekosa kazi nyingine. Mzazi wa Kilema atamtambia jirani kwamba mwanaye ni mwongoza watalii. Hatamtambia kwamba mwanaye anatengeneza mitaro ya njia ya Mandara, ingawa bila mitaro hiyo mwongozaji angekuwa anaogelea kwenye matope na wageni wake.

Katika maadhimisho ya miaka mia moja ya safari ya Meyer, mwaka 1989, waongozaji na wapagazi wa mwanzo hatimaye walipata kumbukumbu yao penye lango la Marangu, na mzee Lauwo akaenziwa akiwa hai. Karne nzima ilipita kabla ya hapo. Kwa mwendo huo wachimba njia watafikiwa lini?

Mfongo una mwenyewe

Kinachonishangaza ni kwamba mlima huu huu una utamaduni unaofanya kinyume kabisa. Nenda Kibosho, Uru, Mamba au Machame uulize habari za mfongo, ile mifereji ya maji inayoshuka kutoka msituni hadi kwenye migomba. Utaambiwa mfongo ule ni wa ukoo fulani, kwa sababu babu wa ukoo huo ndiye aliyeupima kwa macho, akatoa sadaka, akawaongoza wenzake kuuchimba kwenye mwamba na kando ya makorongo. Mifereji mingine ina umri wa karne na zaidi. Mwanzilishi amekufa zamani, jina lake bado linatajwa kila maji yanapogawanywa, na ukoo wake una sauti kwenye kikao cha mfongo.

Na mfongo una siku yake ya kazi. Kwa watu wa Kilimanjaro na Tanga neno msaragambo halihitaji maelezo: pembe ikilia, kila kaya inayokunywa maji yale inatoa mtu na jembe. Asiyekuja anatozwa faini, na zamani faini hiyo ililiwa na kunywewa pale pale na waliokuja. Hakuna aliyesubiri mfereji upasuke ndipo atafutwe wa kuuziba. Walijua usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mfongo ukuta wenyewe ni shamba zima la migomba lililokauka.

Sasa linganisha. Mfereji unaonywesha kaya arobaini una mwanzilishi anayekumbukwa, siku ya matengenezo na adhabu kwa mtegaji. Njia inayopitisha makumi ya maelfu ya wapandaji kila mwaka na kuliingizia Taifa fedha za kigeni, kati ya hayo matatu ina lipi? Tulikuwa na somo jikoni kwetu, tukaenda kuazima jina la mke wa mpanda mlima.

Maji hayana adabu

Labda kuna msomaji anajiuliza njia ya miguu inahitaji ufundi gani. Naomba anivumilie kidogo, maana hapa ndipo mambo yalipo.

Adui wa njia ya mlimani ni maji, na miguu ni msaidizi wake. Watu wakipita mahali pamoja mara nyingi, majani yanakufa, udongo unashindiliwa na njia inazama chini ya usawa wa ardhi. Mvua ikinyesha, pale palipozama panakuwa mfereji. Maji yanashuka kwa kasi, yanabeba udongo, yanaacha mizizi na mawe yaliyo wazi. Mpandaji anayefuata anaona utelezi, anakanyaga pembeni kwenye majani. Wa tatu anamfuata. Baada ya misimu michache njia ya upana wa hatua mbili imekuwa uwanja, na kwenye ukanda wa vichaka juu ya msitu, ambako mimea hukua taratibu kwa sababu ya baridi, jeraha hilo haliponi haraka.

Fundi mzuri huzuia hayo kabla hayajaanza. Huipinda njia badala ya kuipandisha moja kwa moja. Huweka gogo au safu ya mawe kwa mshazari, ili maji yatoke pembeni kabla hayajapata nguvu. Kwenye mwinuko mkali hujenga ngazi, na lazima ajue kimo cha ngazi kinachomfaa mtu aliyebeba kilo 20 kichwani, kwa kuwa mtalii mwenye begi la chupa ya maji si kipimo. Kwenye matope hutandika magogo au mawe ya kukanyagia. Anajua pia pa kutogusa. Maarifa haya hayapatikani kwa kusoma tu. Yanataka mtu aliyeiona njia hiyo mvua ikinyesha, akasimama na sepetu akitazama maji yanaamua kupita wapi.

Njia ya Mweka ni mfano wa karibu. Ni ya kushukia tu, na wengi waliopanda kwa Machame, Lemosho na Umbwe huishia kushuka kwayo, wamechoka, magoti yanatetemeka. Mateso yote ya njia hizo tatu yanabebwa na mteremko mmoja. Nani anaumia zaidi njia ile ikibomoka? Mgeni ana fimbo mbili, buti za bei mbaya na bima. Mgumu, kama wapagazi wanavyojiita, ana raba za mtumba na mzigo. Akiteguka kifundo cha mguu Julai, msimu unamkimbia. Kiwango cha Sh20,000 kwa siku ambacho wadau wa mlima wamekitaja kwa miaka mingi, na ambacho si kila kampuni hukilipa, ndicho ada ya mdogo wake, mbolea ya kahawa ya mama yake, na marejesho ya kikoba. Gogo moja lililooza bila kubadilishwa linaweza kuingia mpaka jikoni kwa mtu huko Mbokomu.

Na udongo uliochukuliwa juu hauishii juu. Unashukia kwenye vijito vile vile vinavyolisha mifongo, na baadaye mto Pangani.

Vijana wa masika

Hapa nakuja kwenye pendekezo, kwa kuwa kulalamika ni rahisi.

Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei mvua kubwa hunyesha na wageni hupungua. Wapagazi wengi hukaa nyumbani bila safari. Ni miezi hiyo hiyo njia hubomoka, na ni miezi hiyo hiyo fundi wa njia anatakiwa kuwa huko kufungua mitaro. Yaani tuna kazi isiyo na watu na watu wasio na kazi, mahali pamoja, miezi ile ile. Tunashindwa nini?

Marekani waliwahi kulitatua fumbo la aina hii. Mwaka 1933, wakati wa anguko kubwa la uchumi, serikali ya Franklin Roosevelt iliunda kikosi cha vijana wasio na ajira wakapelekwa kwenye misitu na hifadhi kupanda miti, kujenga vibanda na kuchonga njia za miguu. Kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na kati ya hizo dola 25 zilitumwa nyumbani kwa wazazi wake. Kikosi kilivunjwa 1942 baada ya kupitisha vijana takriban milioni tatu. Wamarekani bado wanatembea juu ya ngazi za mawe walizozipanga wale vijana, na familia nyingi zilivuka njaa kwa dola zile 25.

Wapo watakaonitajia mfano mwingine wa huko, njia ya Appalachian, iliyobuniwa na Benton MacKaye mwaka 1921 na kukamilika 1937, kilomita zipatazo 3,500 kupitia majimbo 14, inayotunzwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea. Ni mfano mzuri, nami nauheshimu. Lakini anayejitolea Jumamosi kule ana mshahara wa Jumatatu au pensheni. Usimwambie kijana wa Kirua ajitolee kwenye njia inayoingiza dola. Msaragambo wa mfongo una haki kwa sababu anayechimba ndiye anayekunywa. Kwenye njia ya kilele anayechimba na anayekunywa ni watu wawili tofauti, kwa hiyo alipwe.

Fedha zipo? Kwa viwango vya miaka hii ya karibuni mgeni asiye mkazi hulipa dola 70 kwa siku kama ada ya hifadhi, mbali na kodi, kambi na uokoaji. Tuseme dola moja tu kati ya hizo inafungiwa fungu la njia. Wageni 30,000, siku sita kila mmoja, ni dola 180,000. Tukikadiria dola kwa Sh2,500, hizo ni Sh450 milioni, zinazotosha kuwalipa vijana 500 Sh20,000 kwa siku kwa siku 45. Hesabu hii ni ya mwandishi wa makala na kalamu yake, haijaingiza sururu, chakula wala bima. Wataalamu waifanye vizuri zaidi. Inatosha kuonyesha kwamba hatuzungumzii ndoto. Hata utaratibu wa kulipa kaya kwa kazi za jamii tunao tayari, TASAF imekuwa ikiufanya vijijini kwa miaka mingi.

Wenye kujua serikali watanikumbusha kwamba kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020, makusanyo ya hifadhi yaliwekwa mikononi mwa TRA na kuelekezwa Mfuko Mkuu wa serikali, na hifadhi zikalazimika kusubiri mgao. Ndiyo sababu nasema fungu lifungwe kisheria. Gogo linalooza halisubiri mgao.

Intaneti imefika, mtaro je?

Tumejadili mambo mengi kuhusu mlima huu. Mwaka 2019 lilitoka wazo la magari ya kebo, wapagazi wakapinga kwa kuhofia mkate wao, na mjadala ukachukua kurasa. Mwaka 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa Horombo tukapiga makofi, na nina hakika ndiyo inayoniletea picha za Desemba mapema kuliko zamani. Oktoba 2020 moto ulipowaka kati ya Mandara na Horombo, mamia ya watu walipanda kuuzima, wakiwamo wanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka na wananchi wa vijiji vya chini. Walipanda kupitia wapi? Kwa njia zile zile ambazo hatuzijadili.

Tena wananchi hao ni wale ambao, tangu msitu wa hifadhi ulipounganishwa na hifadhi ya Taifa mwaka 2005, njia zao za kuni na majani zimekuwa na masharti. Sipingi kuulinda msitu. Ila mama wa Kimochi aliyezuiwa njia yake ana haki ya kuona kijana wake ameajiriwa kwenye njia ya mgeni. Mgeni njoo mwenyeji apone, au sivyo?

Wabunge wa Vunjo, Rombo, Hai, Siha na Moshi Vijijini, bajeti ya Maliasili na Utalii inakuja kwenu kila mwaka kabla ya Julai. Safari hii, kabla hamjaunga mkono hoja kwa asilimia mia, mwombeni waziri ataje mbele ya Bunge mambo mawili: kiasi kilichotengwa kwa matengenezo ya njia za Kilimanjaro, na majina ya mafundi walioifanya kazi hiyo mwaka uliotangulia. Asipokuwa nayo, msipitishe bajeti hiyo mpaka ayalete.